Gramu Mia Saba za Puani

Mkuu wa kituo alitaka hati ya mashtaka iwe mezani kwake kabla ya saa nane mchana. Saa nane gari la mahabusu huondoka, na Gundi alitakiwa awe ndani yake. Hakusema "kama ushahidi upo". Wakubwa hawana haraka ila pale pa kumfunga mdogo. Hapo hata saa zao za ukutani hukimbia.

Sajini alimsikiliza akiwa amechuchumaa uani nyuma ya kituo, mbele ya turubai. Juu ya turubai ilitandazwa maiti ya ndege. Ilikuwa mfano wa ndege ya zamani ya kunyunyizia dawa mashambani, bawa juu na bawa chini, upana wa mita mbili na nusu, injini ya petroli, ya kurushwa kwa rimoti. Jumamosi asubuhi, kwenye maonyesho na mashindano ya klabu ya warusha ndege ndogo, ilipaa, ikasimama wima hewani, kisha ikamwangukia mlinzi wa geti kichwani. Mlinzi hakuomba hata maji. Aliyeirusha ni Mkurugenzi, mwenye ndege na mwenyekiti wa klabu. Aliyeitengeneza ni fundi mmoja wa mtaani ambaye watu wote humwita Gundi. Leo ilikuwa Jumatatu, na aliyelala selo siku mbili ni Gundi.

"Kesi imenyooka kama rula," Mkuu alisema. "Gundi alizuiwa getini, akagombana na marehemu mbele ya watu. Nusu saa baadaye ndege yake inamwua marehemu yuleyule. Unatafuta nini tena?"

"Natafuta alivyoweza kuielekeza, Afande. Rimoti alikuwa nayo Mkurugenzi."

"Basi andika uzembe. Uzembe hauhitaji rimoti." Akaondoka, viatu vyake vikilia kwenye kokoto.

Sajini alianza na kile ambacho kila shahidi alikitaja: mkia. Wengine walisema ulikatika angani. Akafuata nyaya za usukani toka tumboni hadi nyuma, akavuta moja moja. Zote zilikuwa zimeshika. Akapima betri ya kipokezi. Ilikuwa na umeme wa kutosha. Mota ndogo inayoinua na kushusha mkia aliiunganisha kwenye betri, ikazunguka kushoto na kulia kwa utii kuliko askari wengi anaowafahamu. Hapo alipoteza saa nzima. Ilikuwa saa tano kasoro. Akafuta mikono, akaenda selo.

Gundi alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, hana mkanda, suruali kaishika kwa mkono. Mtu wa miaka hamsini na kitu, vidole vimejaa makovu madogo ya wembe, kucha zina rangi ya fedha isiyotoka. Hakusimama. Sajini alimuuliza ugomvi wa getini ulikuwa wa nini, akajibiwa amuulize marehemu. Akamuuliza gundi ilikuwa ya aina gani, akaambiwa akaonje. Akamuuliza kwa nini mkia ulikatika.

"Nani kasema umekatika?"

"Watu."

"Watu wanasema na dunia ni sahani. Wewe umeuona mkia. Umekatika?"

"Haujakatika."

"Sasa unaniuliza nini?" Gundi akageuza uso ukutani. "Mimi nimeweka misumari ya bandia elfu nne kwenye hizo mbao zinazojifanya bati, tone moja moja la gundi kwa bomba la sindano. Mitungi ya injini ya maonyesho nimeizungushia uzi wa kushonea viatu hadi macho yakatoa machozi. Madoa ya mafuta chini ya tumbo nimeyachora kwa brashi ya nywele tatu, nikiangalia picha. Halafu anakuja mtu wa pingu anauliza mkia."

Sajini akamsimulia, bila kuongeza chumvi, ilivyoanguka: ilikimbia kidogo tu, ikanyanyuka kabla ya wakati, pua ikazidi kupanda ingawa Mkurugenzi alikuwa amesukuma rimoti mbele mpaka mwisho, ikasimama kama farasi aliyeona nyoka, ikabingirika kinyumenyume.

Gundi aligeuka kutoka ukutani. Kisha akasema polepole, kama mtu anayesoma barua ya msiba, kwamba huo ni mkia mzito. Ndege ile ina pua fupi, kama ya nguruwe, na ndege ya pua fupi haitulii hewani mpaka uiwekee uzito mbele. Alikuwa ameuweka. Aliokota gereji vile vipande vya madini ya risasi wanavyogonga kwenye rimu za magari kusawazisha matairi, akaviyeyusha, akamimina kwenye kopo la samaki. Kipande kikatoka na umbo la kopo. Akakigandisha kwenye kisanduku nyuma ya injini, gramu mia saba kamili, akafunika na kifuniko cha skrubu nne.

"Kwa nini nyingi hivyo?" Sajini aliuliza.

"Kamuulize bosi wako wa klabu. Mimi nilitaka gurudumu la mkia la plastiki, lipakwe rangi. Yeye akasema waamuzi watapiga magoti waangalie, anataka shaba ya kweli. Gramu mia mbili na thelathini za shaba, kule mwisho kabisa. Gramu moja mkiani inadai tatu puani. Nikamwambia, ndege itanenepa. Akaniambia nisimfundishe kazi."

Tangu Alhamisi jioni alipomkabidhi Mkurugenzi, alisema, hakuigusa tena. Alichokifuata getini Jumamosi ni jambo moja tu. Kabla ndege yake yoyote haijaruka, huweka ncha za vidole viwili chini ya bawa, huku na huku, mahali alipoweka alama, akainyanyua. Ikilala sawa, iruke. Ikiinamisha mkia, isiruke. Haijalishi nani anasubiri. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wageni, kisha likawa halipo, na mlinzi akamrudisha kwa mkono kifuani.

"Na ndani ya kifuniko," Gundi akamalizia, "mimi huandika tarehe na uzito. Kwa penseli. Fungua uone, kama hamjapoteza."

Kifuniko hakikuwa kimepotea. Kilikuwa kimebanwa chini ya injini iliyopinda. Kabla ya kukifungua Sajini aliwasha tochi ingawa jua lilikuwa juu, akaangalia vichwa vya skrubu. Gundi huvipaka rangi ya fedha baada ya kukaza ili vifanane na misumari mingine. Mifereji ya skrubu zote nne ilikuwa inang'aa, rangi imechunwa. Mtu alipitisha bisibisi baada ya rangi kukauka.

Ndani, kisanduku kilikuwa kitupu.

Kitupu, lakini si kisafi. Ukutani mwake palibaki gundi ngumu ya njano, na kwenye gundi palikuwa na chapa ya kitako cha kopo: pembe nne, kona zimeviringika, na katikati duara ndani ya duara. Upande mmoja gundi ilikuwa imebanduliwa kwa ncha ya chuma. Na ndani ya kifuniko, kwa penseli, tarehe ya Alhamisi na kilo 15.6.

Sajini alimwita Mkuu aje aone. Mkuu aliangalia akiwa amesimama, mikono nyuma.

"Kwa hiyo alisahau kuweka."

"Aliweka, Afande. Chapa hii hapa."

"Kwa hiyo aliweka akatoa. Usiku huohuo, kwa chuki. Umenisaidia sana." Akatazama saa. "Saa tano na nusu."

Hapo ndipo Sajini alipoona kwamba chapa peke yake haimtoi mtu selo. Ilibidi ajue uzito uliondoka lini. Waamuzi walipima ndege zote Ijumaa, hilo lilikuwa kwenye ratiba. Kama ndege ilipimwa na uzito wake ukiwa ndani, basi uliibwa baadaye. Kama ilipimwa bila uzito, basi aliyeipeleka kwenye mizani ndiye aliyeutoa. Na aliyeipeleka hakuwa Gundi.

Kituo hakikuwa na mizani. Ile waliyonunuliwa iliishia nyumbani kwa mkubwa fulani kupimia watoto wake. Sajini akafunga turubai kama mzigo wa mitumba, akaiburuta hadi mtaa wa pili kwa Mama Vyuma, mwanamke anayenunua chuma chakavu. Mama Vyuma alikuwa anatenganisha nyaya za shaba kwa meno ya koleo.

"Mwanangu, siku hizi serikali nayo inauza skrepa?"

"Napima tu, Mama. Ushahidi."

"Pima. Mizani yangu haijawahi kudanganya. Anayedanganyaga ni mimi."

Walipakia kila kipande: mabawa yaliyovunjika mbavu, injini, betri, gurudumu la shaba, hata vibanzi alivyookota kwenye majani kwa mkono. Tangi la petroli lilipasuka, lilikuwa kavu. Mshale ukasimama kilo kumi na nne na gramu mia nane hamsini. Sajini alimwomba aandike kwenye karatasi na kutia sahihi. Mama Vyuma akaandika taratibu, akiuma ulimi, akamtazama.

"Huyu si ndiye ndege aliyemuua yule kijana wa getini? Mkewe ananiuzia chupa tupu. Wamemkamata nani?"

"Fundi."

"Ndiyo," akasema Mama Vyuma, akarudi kwenye nyaya zake. "Wangemkamata nani mwingine?"

Ofisi ya klabu ilikuwa chumba kimoja kando ya uwanja wa kurukia, vikombe vya ushindi rafuni, feni dirishani ikipiga kelele kuliko upepo. Katibu, mwanamume mwembamba mwenye kalamu tatu mfukoni, hakufurahi kumwona. Alisema klabu imekwishatoa maelezo. Sajini alisema anaomba karatasi moja tu, ya mizani ya Ijumaa. Katibu akasema hiyo ni mali ya klabu. Sajini akasema basi klabu nzima ije kituoni na karatasi yake, wataketi kwenye benchi pamoja na wezi wa kuku. Katibu akavuta rundo la karatasi lililokuwa mezani.

Mpaka wa mashindano ulikuwa kilo kumi na tano. Ndege ya Mkurugenzi, tangi likiwa tupu, ilipimwa kilo 14.9.

Sajini aliisoma mara mbili. Ijumaa, mbele ya waamuzi, ndege ilikuwa na uzito uleule wa kifusi alichotoka kukipima, ukiondoa vibanzi vilivyobaki kwenye nyasi. Kwa hiyo kilichopimwa ndicho kilichoruka. Gramu mia saba zilitoka kabla ya mizani, maana kilo 15.6 zingevuka mpaka, na hazikurudi.

Alipoinua macho kumwuliza Katibu nani aliishika ndege Ijumaa, feni ilipeperusha karatasi za juu, na Katibu akazikandamiza upesi kwa kipande cha kijivu alichokitoa pembeni. Kilikuwa kizito, kimefifia, kona zimeviringika. Juu yake palikuwa na duara ndani ya duara. Ubavuni kilikuwa na ukoko wa gundi ya njano.

"Hicho umekipata wapi?"

"Hiki? Cha kuzuia karatasi. Alinipa Mkurugenzi Ijumaa, pale kwenye meza ya mizani, upepo ulikuwa unatusumbua. Akasema nikitunze, atakihitaji kesho yake." Katibu akakigeuza kwenye mwanga. "Hakuja kukichukua. Nikajua hana shida nacho."

Sajini alimwomba akiweke mwenyewe kwenye mizani ya klabu, ileile ya Ijumaa. Katibu akakiweka. Akasoma kwa sauti, gramu mia saba. Kisha akaweka kidole kwenye 14.9 ya karatasi. Hakuwa mjinga, alijua kujumlisha.

Hapo alitoa yote bila kusukumwa. Orodha ya wageni aliichapa yeye, na jina la fundi lilikuwemo. Jumamosi asubuhi Mkurugenzi alilikata kwa kalamu yake mwenyewe, akampelekea mlinzi nakala. Katibu alipouliza sababu aliambiwa fundi ana mdomo, atainyanyua ndege kwa vidole mbele ya waamuzi kama kawaida yake, halafu aanze kuhubiri. Sajini alimwandikia maelezo palepale, akamsomea, Katibu akatia sahihi kila ukurasa.

Mkurugenzi aliingia sahihi ya mwisho ikiwa bado mbichi. Mtu mnene, shati limepigwa pasi, funguo za gari kidoleni. Alikuwa amestaafu ofisi kubwa, ila ofisi kubwa haikuwa imemstaafu yeye. Aliongea kama bado kuna mtu nje wa kumfungulia mlango.

"Nani kakuruhusu kuingia humu?"

Sajini alijitambulisha. Mkurugenzi akasema anamfahamu, na anamfahamu Mkuu wake zaidi, maana alimpandisha cheo kabla Sajini hajajua kufunga kamba za viatu. Akamwambia arudi kituoni akafanye kazi aliyotumwa. Sajini akamuuliza kama anakitambua kipande kile. Akasema hakijui. Katibu akatazama sakafu. Sajini akamuuliza nani alifungua pua ya ndege baada ya Alhamisi. Akasema pua huifungua fundi peke yake, yeye hata bisibisi hana. Sajini akamwelekezea kidole sanduku la zana lililoandikwa jina la cheo chake, chini ya rafu ya vikombe, bisibisi sita zimepangwa kwa ukubwa, ya pili ina rangi ya fedha nchani.

Mkurugenzi hakuitazama. Alivuta kiti, akakaa, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikawa ndogo.

"Ningekirudisha. Nilipanga kukirudisha asubuhi. Mgeni rasmi akafika mapema, ameshakaa, wananiita nirushe ya kwanza. Ungekuwa wewe, ungemwambia mgeni rasmi asubiri utafute bisibisi?"

"Gundi angemwambia."

"Ndiyo maana Gundi ni Gundi, na mimi ni mimi."

"Na ulipoiona imeanguka, ukajua kwa nini."

Mkurugenzi akajifuta shingo kwa kitambaa. Alisema marehemu ni marehemu, familia yake ataishughulikia, na fundi hatafungwa muda mrefu, miezi michache, watu kama hao wamezoea. Halafu akachukua simu, akatoka nje kuongea. Sajini hakungoja kusikia anamwita nani. Alikifunga kipande kwenye bahasha na bisibisi kwenye nyingine, Katibu akatia sahihi juu ya gundi ya bahasha zote mbili, na Sajini akaondoka.

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini alipofika kituoni. Simu ilikuwa imemtangulia. Mkuu alimngoja kaunta, hati ya mashtaka mkononi, imechapwa tayari, pengo moja tu la sahihi ya mpelelezi.

"Tia sahihi hapa. Mengine tutayazungumza kesho."

Sajini alipita upande wa pili wa kaunta, akavuta kitabu cha matukio. Kitabu kile kurasa zake zina namba. Ukichana moja, nyingine inakusema. Akaandika saa, akaandika kidhibiti namba moja, kipande cha risasi, gramu mia saba. Kidhibiti namba mbili, bisibisi. Karatasi ya mizani. Maelezo ya Katibu, kurasa tatu. Maneno ya Mkurugenzi kama alivyoyatamka, na shahidi aliyeyasikia.

"Andika kwa penseli kwanza," Mkuu akasema. "Tuone jambo litakavyokaa."

"Kitabu hiki ni cha wino, Afande."

Askari wawili wa zamu walijifanya wanatafuta faili. Mkuu aliinama hadi harufu ya chai ikamfikia Sajini, akamwambia kwamba kuna kituo kimoja mpakani hakina umeme wala barabara, na nafasi ya sajini iko wazi tangu mwaka jana, na hajui kwa nini hakuikumbuka mapema. Sajini akaandika hilo pia, pamoja na saa. Akaweka nukta. Mkuu alisoma mstari ule kichwa chini, kutoka upande wake, akaikunja hati ya mashtaka mara nne na kuitia mfukoni. Nje dereva wa mahabusu alipiga honi. Hakuna aliyetoka. Akapiga tena, akaondoka na waliokuwemo.

Gundi aliletwa kaunta. Akarudishiwa mkanda, kamba za viatu, na wembe wake mdogo wa kukatia mbao uliofungwa kwenye kitambaa. Alihesabu vitu vyake kana kwamba yuko kwa majambazi. Sajini alimweleza kwa ufupi: mizani, kopo la samaki, mgeni rasmi. Gundi hakushukuru. Alivaa mkanda taratibu, tundu baada ya tundu.

"Mkewe mlinzi anajua?"

"Bado. Nitakwenda mimi."

"Mwambie na hili. Nilimwomba mumewe dakika moja. Nikamwonyesha vidole vyenyewe, hivi viwili. Akasema anaelewa, mzee wangu, ila ameagizwa."

"Alikuwa na orodha," Sajini alisema. "Hakuwa na la kufanya."

Gundi aliingiza kamba kwenye kiatu, akaikaza.

"Ndivyo ulivyoniambia na wewe Jumamosi," akasema, "ulipokuwa unanifunga pingu mbele ya wanangu."

Akasimama, akapita mlango wa mbele, akauacha wazi.